Ndala ya Mama Paulo

Jumanne, Babati

Bado ile fomu ya kuombea fedha za ubunifu inaniudhi. Chuo kimezitenga kwa mtafiti mwenye mshirika wa kupeleka ubunifu sokoni, na leo nimeipeleka fomu kijijini Nakwa kwa Mama Paulo, mkulima niliyefanya naye kazi tangu mwanzo.

Mashine yangu ya kukoboa mbaazi ilikuwa inazivunja. Ni yeye aliyekata ndala yake kuukuu, akaibandika ndani, mbaazi zikaanza kutoka nzima. Mimi na digrii zangu nilikuwa nimekaa pembeni nakuna kichwa.

Lakini fomu inataka mbunifu awe mtumishi wa chuo, na mshirika awe na kampuni na muhuri. Basi kwenye mbunifu nimejaza jina langu. Kwenye mshirika amegonga muhuri mwenye duka wa mjini atakayeuza mashine.

"Na mimi, mwalimu, nisaini wapi?" Mama Paulo akauliza.

Nikatafuta. Nikamwonyesha mstari wa mwisho kabisa: Shahidi.

Alinawa mikono kwanza. Akaandika jina lake taratibu, herufi moja moja, akanishukuru, akanifungia na mbaazi za kupika. Afadhali angenigombeza.

Mwisho wa kutuma ni kesho. Nikibadilisha jina wataikataa, mashine ibaki stoo, na anayeihitaji kuliko wote ni yeye mwenyewe. Sijui. Kweli sijui...

Fomu iko hapa mezani. Hata tarehe ameweka. Ameshuhudia, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba ndala ile ilikuwa yangu.