Kompyuta ya Baba na Kanzu Yako ya Arusi

Mwanaesha binti Twalib,
Mtaa wa Kibokoni,
Mji wa Kale, Mombasa.

12 Aprili 2025
(Mfunguo Mosi 13)

Mpendwa nduyangu Zein,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Ummukulthum na watoto, na kwamba baridi ya Birmingham imeanza kuwaonea huruma. Goti lako je? Usinijibu "si neno" kama kawaida yako. Niambie kama kweli unakwenda kwa daktari au unamdanganya mkeo.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Idd ilikuwa njema, vileja bado vimo koponi, na joto ni lile lile unalolijua.

Barua hii anaichukua jirani yetu Bi Sheikha, anayekuja huko kumtazama binti yake aliyejifungua. Utashangaa dada yako kushika kalamu na simu ipo. Simu nimeishika mara nne, na mara zote nne niliishia kukuuliza mmepika nini. Nina jambo la kukwambia na jambo la kukuomba, na nikisikia sauti yako yote mawili hunitoroka.

Kompyuta ya Baba imekufa, Zein. Ile aliyotuachia dukani, iliyokuwa ikiiongoza cherehani ya darizi. Imekufa na michoro yake yote ya viua vya darizi ndani, pamoja na kile alichokudarizia wewe kwenye kanzu yako ya arusi. Ndicho kile kile ambacho mwanao Mzamil ameniomba nimtilie kwenye kanzu yake atakapooa hapa Mfunguo Tatu. Nilimwitikia kwa mbwembwe, na sasa sinacho.

Ilikuwa Ramadhani kumi na tisa, saa mbili asubuhi. Kanzu thelathini na moja zimepangwa rafuni, shingo tupu, wenyewe wanazingojea kwa Idd. Trizah, aliyeanza kazi kwa Baba na bado yuko nami, akawasha kama kila siku. Kioo cheusi. Akazima, akawasha tena. Maskini, aliipapasa kama mtoto mwenye homa, kisha akaniita.

Tukamwita fundi Samuel kutoka Ganjoni. Alifungua kifuniko, akarudi nyuma hatua moja. Ndani kumeganda rangi ya kahawia, kunanata kama kitako cha chetezo. Akasema, "Mama Mwanaesha, hii mashine mmeifukiza kama biarusi."

Nilitamani ardhi inimeze. Wamjua mama yetu: kila Ijumaa udi lazima, ili kanzu ya mteja itoke dukani ikinukia. Nami nikamfuata, chetezo nikikiweka papo hapo chini ya meza, nusu saa nzima. Juu ya kompyuta nimeitandikia kitambaa changu kizuri cha kufuma, isiingie vumbi wala chumvi ya pwani. Basi moshi ukawa unaingia chini na juu hauna pa kutokea. Miaka tisa, nduyangu, tangu Baba atutoke. Na wallahi nilidhani naienzi.

Samuel alikitoa kile kipande kinachohifadhi kazi, akakipeleka kwa wenzake Nairobi. Kikarudi vile vile. Hakuna cha kuokoa.

Lakini hakuniacha nijifiche nyuma ya udi. Alinambia kwa upole kwamba mashine ile ilikuwa imeshazeeka, ingekufa hata kama ningeifukizia hewa safi. Tusilolijua ilikuwa siku tu. Na ni kweli alinionya mwaka juzi, Mfunguo Pili, duka limepoa hata inzi hawaji. Akataka tununue mpya, tuhamishe viua ilhali ya zamani bado inapumua. Nikamwambia aiache, kwani si yafanya kazi? Kumbe wakati wenyewe wa kuibadilisha ndio ule, ilipokuwa yafanya kazi.

Nawe uliniambia mara tatu. Hata ukaniletea kile kijikasha cha kuwekea nakala. Wajua kilikuwa wapi? Kabatini, nyuma ya kioo, baina ya vikombe vya Mama na mrashi wa marashi, na nailoni yake hakijavuliwa. Kila mgeni nilimwonesha: hiki kaniletea Zein kutoka Ulaya. Cheka, una haki. Na ile methali ya ufa na ukuta usinisomee, nimeshajisomea mwenyewe mpaka nimechoka.

Kinachoniuma zaidi ni neno nililokujibu mara ile ya tatu. Nilikwambia kwamba wewe uliyeondoka wataka kumtoa Baba dukani kwake kipande kipande. Ukasema tu, "Haya, dada." Hiyo "haya, dada" yako nimelala nayo na kuamka nayo tangu siku hiyo.

Na huyo Baba niliyekuwa nikimpigania, nilishamsahau alivyokuwa. Nani aliyeiondoa cherehani ya miguu iliyotulea sisi? Si yeye mwenyewe? Ilikuwa nzima, haina ila, akampa mjane mmoja wa Majengo ajitafutie riziki. Watu wakamcheka barazani, ati mzee mzima anakwenda kusomeshwa na kompyuta. Akaileta mwezi wa Rajabu, akajifunza Rajabu na Shaabani yote, akaharibu vitambaa chungu nzima, Ramadhani ikamkuta tayari. Mimi nikaishika mashine yake nikaiacha akili yake. Nisamehe, Zein. Nilikukosea, nawe ulisema kweli.

Kanzu za watu alizinusuru Kombe. Ndiye yule mpinzani wetu wa Majengo niliyekuwa nikimsengenya kwamba apenda vitu vipya kama mtoto. Nilimwendea uso umenishuka. Mashine zake tatu zote zilikuwa zikienda mbio, na bado akanifungulia moja. Trizah akahamia kwake siku tano, na wateja wakapata kanzu zao, ila kwa viua vya Kombe. Nilipomuuliza siri yake alistaajabu, kama nimemuuliza siri ya kupiga mswaki. Kila mwaka, Idd ikishapita na kazi zimelala, huketi na fundi wake wakatazama ipi imechoka, na pesa zake huwa ameshaziweka kando. Ile kongwe huiondoa, au huiweka akiba siku mpya ikileta ukaidi. Akanambia, "Dada, mimi sisubiri jino liume ndio nikamtafute daktari."

Basi nimefanya hivyo. Kompyuta mpya imewasili juzi, iko mezani, na chetezo kimehamia ukumbini kwa amri ya Trizah. Samuel ameandika kwenye kalenda, kila Mfunguo Pili atakuja kutazama, iwe yaumwa au haiumwi. Kijikasha chako nimekitoa kabatini. Nilipokivua nailoni nilijihisi nafanya dhambi, lakini nimekivua.

Vile viua vyengine navitafuta majumbani. Nabisha hodi kwa wateja wa Baba, wananitolea kanzu zao kuukuu, Trizah anaviiga mstari kwa mstari. Mpaka leo tumepata vinane. Watu wema sana. Kila nyumba nikaambiwa kisa cha Baba na nikanyweshwa kahawa, mpaka usingizi umenikimbia.

Ila chako hakipo kwa mtu. Wajua alivyokuwa: alikidarizi mara moja tu, akaapa mtu wa nje ya nyumba yetu hatokivaa. Karatasi la khaki alilokichorea lilioza mwaka ule bomba lilipopasuka dukani. Nimejaribu kukichora kwa kumbukumbu, nikachafua karatasi tatu. Majani manane nayakumbuka, hariri ya rangi ya maziwa naikumbuka, lakini lile jani moja alilolipindua likaangalia moyoni, sijui lilikuwa la ngapi wala lilipindaje. Nililia, sikufichi. Nililiona jani hilo siku nzima ya arusi yako, na halinijii.

Sasa limebaki mahali pamoja duniani, kifuani mwa kanzu yako, huko kabatini kwako. Unakumbuka nilivyokununia ulipoichukua? Nilitaka ibaki hapa, katika sanduku la Mama, chumba cha nyuma ya duka. Chumba kile kile kilichoingia maji. Alhamdulillah hukunisikia.

Ombi langu ndilo hili. Usiitume kwa posta. Usiifue wala usiipige pasi, nyuzi zitalala. Ipige picha leo hii uniletee kwa simu, niitulize roho yangu, kisha njoo nayo mwenyewe mapema, kabla ya arusi, utuachie wiki mbili. Tutaivuta kwenye karatasi mimi na Trizah, tukitie kiua mashinani, tukitie kwenye kijikasha, na nakala ya tatu urudi nayo wewe. Mzamil avae alichovaa babake, na siku moja mwanawe akitake akipate.

Wifi yangu Ummukulthum mpe salamu zangu nyingi, mwambie nimemwekea achari ya embe. Mzamil mbusu kipaji, mwambie shangazi yake ahadi hajaivunja bado. Trizah anakusalimu, na Samuel pia. Mwenyezi Mungu akulinde uendako na urudiko, alitie nguvu goti lako, na amrehemu Baba kwa kila uzi alioushika.

Ukifika, nataka uivae kwanza hapo dukani, usimame mlangoni kwenye mwanga, niione ilivyokaa siku ile. Na kama imekubana tumbo usione haya. Si wewe tunayekupima, nduyangu. Tunautafuta mkono wa Baba.

Wako akupendaye, na safari hii aliyetangulia kuomba radhi,

Dada yako Mwanaesha