Kikapu cha Mdomo cha Kamanda

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kamanda amemuuma Nthiwa wa maziwa! Mguuni. Naibu chifu amekuja mwenyewe: mbwa huyu akiuma mtu mwingine, anauawa. Na Jumamosi wakwe wanatoka Mukuyuni kuleta mbuzi wa ntheo, wa kumposa Wavinya wangu. Watu kumi na wawili uani! Tangu baba Wavinya afariki, Kamanda ndiye mwenzangu hapa. Nimelia.

Jumatano, 6 Agosti
Nzuki wa agrovet, duka la dawa za mifugo, ameniuzia kikapu cha waya cha kumfunga mbwa mdomo. Hakibani — anahema, anakunywa maji. Amesema nisimlazimishe, niweke nyama ndani, aingize mdomo mwenyewe. Na wageni niwaambie wazi kwamba anauma. Kamanda ameingiza mara saba! Nimemwomba msamaha kama mtu mzima.

Ijumaa, 8 Agosti
Saa mbili nzima na kikapu, hajajikuna. Wavinya anaogopa wakwe watatuonaje.

Jumamosi, 9 Agosti
Mama Kyule, mama wa bwana harusi, aliuliza mbona mbwa amefungwa mdomo. Nikasema anakula mayai. Mayai! Uongo ulinitoka tu, wakacheka. Tulipomaliza kula akamhurumia Kamanda, akamvua kikapu ampe mfupa. Nilikuwa jikoni. Nilisikia mayowe.

Kamanda amemuuma mkono wa kulia. Tumeuosha kwa sabuni na maji mengi, mwanawe Kyule akamkimbiza hospitali. Mbuzi bado wamefungwa uani, hakuna aliyewataja. Mimi nimefanya nini?

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisani. Naibu chifu anakuja saa nne na askari mwenye bunduki. Kamanda nimemfungia jikoni.

Mama Kyule amepiga simu. Nilitarajia matusi.

"Mama Wavinya, nisamehe. Hiyo makosa ni yangu. Nakuja kuambia chifu asiue mbwa. Uliniambia ni mayai tu, mimi ndio nilimfungua."

Akakata simu kabla sijamwambia ukweli. Anakuja kunitetea, na naibu chifu atamtaja Nthiwa mbele yake!

Wavinya ameniomba ninyamaze, anaogopa posa itavunjika. Nikinyamaza Kamanda anakufa. Nikikubali kosa ni langu, pengine watamwacha — lakini mama wa watu atajua alishika mbwa niliyejua anauma. Afadhali ausikie ukweli kwangu kwanza.

Saa nne kasorobo. Nimempigia mara tano, hashiki.

Pikipiki imezima nje. Ni sauti ya Mama Kyule — anamsalimu naibu chifu.