Shemeji Anataka Niipinge Sheria ya Moshi

Tarehe tisa Juni, mwaka wa ishirini na saba tangu nihame kwetu.

Mshauri mpendwa, nipokee, nina furaha na hofu pamoja, maana Bunge la hapa linataka kuondoa barabarani magari yanayotoa moshi mweusi, na Ijumaa wabunge wanakuja mtaani kutusikiliza, nami nilishaandaa maneno ya kuunga mkono, kwa sababu mjukuu wangu analala ameketi, kifua kinapiga filimbi, na dirisha letu linatazama kituo cha malori. Lakini shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, aliyenipa chumba nilipofika na begi moja bila kuniuliza nitaondoka lini, ana malori mawili makuukuu yanayofuka kama tanuri, na juzi akaniambia, "Shemeji, wewe una ulimi. Simama Ijumaa uipinge." Nikamuuliza, "Na mtoto?" Akacheka, "Mpe tangawizi!" Sasa nawaza nifunge mizigo nirudi kwetu, nilikoacha mlango wa bluu ambao sijui leo anaufunga nani, nisimuudhi mtu.

Mzee wa Dirishani

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na sasa uniruhusu nikukaripie. Wema wa shemeji haulipwi kwa pumzi ya mtoto. Ukikimbia, moshi utabaki na mtoto atabaki nao. Halafu mbona mmesahau udugu? Huyo ni mjukuu wake pia, damu ya dada yake! Usimshtukize mbele ya watu. Mwite kwako alasiri malori yanapowashwa, aweke sikio kwenye mgongo wa mtoto. Kisha mwambie waziwazi utakachosema, na umshauri naye asimame aombe muda wa kubadilisha injini. Fanya kesho.

Mshauri, alikuja! Alisikiliza mgongo ule. Mara dereva wake mwenyewe akawasha lori pale chini, moshi ukapanda hadi ndani, shemeji akarukia dirisha: "Zima hilo dude, we! Huku kuna mgonjwa!" Mtoto alicheka hadi akakohoa. Ijumaa tulisimama wote wawili, yeye akaomba muda, mimi nikaomba hewa, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Jana sheria ilipita, na muda wake kapewa! Injini ya kwanza inafunguliwa leo, na shemeji ananiita nikashike taa.

Kwetu sitarudi.