Msichomoe Tena Waya wa Chini ya Meza

Baba watoto na wanao,

Chakula kipo kwenye friji, kipasheni moto. Sufuria ziko palepale mlipoziacha jana, kwenye sinki. Mdogo anywe dawa akishakula.

Sasa wewe, mume wangu. Asante sana kwa kuchomoa kompyuta yangu ya mazoezi asubuhi hii ili upige pasi. Mtihani wangu wa kuendesha kompyuta za Linux ni leo, lakini shati ni shati. Na hilo unaloliita "sanduku linalonguruma bure" ndilo linaloigawia nyumba nzima intaneti. Ndiyo maana mlipiga kelele wote kwa pamoja, kama mliokatiwa hewa.

~~Nikifeli, lawama ni zako.~~ Nimefuta. Nikifeli ni juu yangu.

Ila kuna kitu hukukiona, maana ulikuwa unajitazama kwenye kioo. Nilirudisha waya, nikakaa na viatu mkononi, nikingoja mambo yaharibike kama kawaida. Hapo ndipo paliponifelisha mtihani huu mara ya kwanza: kuipanga mashine ili hata ikizimwa ghafla, ikiwaka tu ianze kazi zake zote yenyewe. Leo imewaka, ikanguruma kidogo, intaneti ikarudi. Sikugusa kitu.

Kwa hiyo nimeondoka na moyo mtulivu. Msinipigie, simu nitaizima.

Na hiyo mashine muiheshimu. Humu ndani ni yenyewe tu inayoamka na kuanza kazi bila mimi kuita mara tatu.

Mama