Usimtoe Baluku Mchezoni

Mjukuu wangu Bwambale,

Hapa Bwera tuko salama, kahawa imeanza kuiva. Nimeusoma kwenye simu mchezo wako wa maandishi, ule ambao msomaji huchagua hadithi iendelee vipi. Unauliza kama umtoe humo marehemu kaka yako Baluku kabla ya kuwatumia wenzako mchezo huo.

Dada yangu Biira alipofariki, mgeni aliniuliza tuko wasichana wangapi. Nikajibu, "Wawili, mimi na Masika."

Mama akanivuta kando. "Wewe ni Kabugho, jina ambalo kwetu hupewa msichana wa tatu. Wa tatu baada ya nani?"

Tangu hapo sikumruka Biira tena nikituhesabu. Nawe unaitwa Bwambale, jina la mvulana wa pili.

Mchezo wako unaponiuliza niende mtoni na nani, kila mara namchagua Baluku. Mwache, nizidi kwenda naye.

Bibi yako,
Kabugho