Baba Anataka Kujua Mshahara

Jumamosi, Agosti 1996

Sasa hata sijui ninataka nini. Baba anasema nisomee uuguzi kwa sababu mshahara huja kila mwezi. Leo nimeenda kumuuliza Sista Rael, muuguzi wa dispensari yetu, mtu akianza hulipwa ngapi. Nimempata shambani kwake, kikapu mgongoni, akichuna majani chai.

Akacheka. "Ikifika tarehe kumi mshahara umeisha, mami. Ndiyo maana unaniona hapa."

Nikakasirika. Si afadhali nibaki nichune chai yetu?

Halafu mama aliyekuwa akichuna naye akaanguka, akazimia. Sista alitupa kikapu akakimbia, lakini alinikuta nimeshainua miguu ya yule mama. Sijui hata nilifika vipi.

Jioni Baba ameuliza ni pesa ngapi. Nimemwambia nilisahau kuuliza.