Mama wa Mfalme Mfupi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje tangu kipupwe kianze huko Tabora? Mimi huku Sumbawanga ni mzima, ila nimechoka, mama, uchovu ambao hata usingizi hauuondoi. Baridi ya Ufipa si ya mchezo. Asubuhi nikishanawa, vidole vinakataa kufunga vifungo.

Nimepanga chumba Kizwite kwa Mama Yustina, mjane anayelima mahindi na ulezi. Wajukuu anawasemesha Kifipa, mimi Kiswahili, na ugali wa ulezi ananipakulia bila kuuliza kama nina njaa. Kila asubuhi gari la kazini linatuchukua hadi kwenye vilima vya njia ya kwenda Kate. Huko ndiko tunakopigia picha ile tamthilia niliyokuaga kuja kuifanya: taifa la vibeti wa kubuni wanaoishi ndani ya mlima, wanafua chuma na kupigana na majoka.

Nilikuambia nimepata nafasi ya mwanamke wa kibeti, ukafurahi. Sikujua, mama. Siku ya kwanza mpambaji alinikalisha kwenye kiti, akanibandika ndevu hadi kifuani. Nikamwendea mwongozaji wetu, Bwana Fadhili, nikidhani wamekosea mtu.

"Hatujakosea," akasema. "Wanawake wa vibeti hawatoki mlimani. Na wakitoka, wana ndevu kama waume zao, huwezi kuwatofautisha. Hadithi hizi ndivyo zilivyo."

"Sasa mtazamaji atajuaje kuwa mimi ni mwanamke?"

"Wewe mwenyewe utajua."

Tangu hapo nimekuwa nikibeba nyundo nyuma ya wanaume, sina hata neno moja la kusema. Gundi imenichubua kidevu. Jioni Mama Yustina hunipaka mafuta ya alizeti huku akinung'unika, "Rudi kwenu, mwanangu. Kazi gani hii ya kukubandua ngozi?" Nami namwambia kesho nitaondoka, na kesho ikifika napanda gari. Shuleni nilikuwa naitwa kitoto kwa kimo changu, hata nilipovunja ungo. Leo nimekuwa mzee mwenye ndevu. Mwanamke bado sijaitwa.

Wiki iliyopita tulipiga picha ya kifo cha mfalme. Mfalme ni Hamisi, mwenzetu wa kimo changu kutoka Mbeya. Alilala kwenye machela, vibeti wote wakasimama kimya na mashoka yao, mimi nyuma kama kawaida. Nikamwangalia amefumba macho, upepo unamchezea nywele, nikaikumbuka siku kaka Juma alipoletwa nyumbani baada ya ajali.

Sikupanga, mama. Nilibandua ndevu, nikapita katikati ya wanaume wale, nikapiga magoti, nikamshika uso. Nikalia kama ulivyolia wewe siku ile, bila kelele, ukimpangusa vumbi kana kwamba ni mtoto tena, ataamka aende shule. Hakuna aliyetusimamisha. Hamisi aliniambia baadaye kwamba alikuwa akibana machozi, maana maiti hailii.

Bwana Fadhili alipokuja nilijua nafukuzwa.

"Nani kakuambia uvue ndevu?"

"Hakuna."

"Hiyo haimo kwenye hadithi."

"Najua. Lakini kafa mtu, na mama yake hayupo."

Akaenda kuitazama picha ile na mpiga picha. Aliporudi alisema itabaki, ila sehemu zote nyingine nitavaa ndevu kama mwanzo. Sikubishana. Nguvu za kubishana sina. Nitamaliza kazi hii, halafu nije nilale kwako mpaka unichoke.

Nisalimie baba mdogo, fundi wetu wa cherehani, mwambie gauni alilonipunguzia ndilo linalonisitiri huku. Msalimie shangazi wa Urambo akija kuuza asali, na wifi, mjane wa kaka, unibusie watoto wake.

Nilitaka niishie hapo, lakini hili nalo ulijue. Jana Bwana Fadhili aliniuliza yule mama wa mfalme anaitwa nani, kwa sababu hakuwa na jina na sasa lazima litokee mwishoni mwa tamthilia pamoja na majina mengine ya wahusika. Nikamtajia lako. Ameandika: Mwanaidi, mama wa mfalme.

Mwanao,
Rehema